Kumchora Mhusika Mwenye Kisa: Mwongozo Kamili wa Kujifunza kwa Kozi ya Mtandaoni

Nilikuwa na kozi nne za uchoraji kwenye simu, zote nimezilipia, zote nimeziachia kwenye somo la tatu. Kila moja ilianza na tufe, mchemraba na mcheduara, nami nikachora matufe mazuri sana. Mwaka mzima wa matufe. Kilichonivusha hakikuwa kozi ya tano. Nilirudi kwenye mojawapo ya zile nne, nikachagua mhusika mmoja, na kila zoezi la mwalimu nikalifanya kwa mhusika huyo huyo hadi mwisho. Mwalimu akisema chora uso wenye huzuni, nachora uso wake. Akisema chora mikunjo ya nguo, nachora nguo yake.

Mhusika wangu anaitwa Tatu. Ana miaka kumi, ametumwa mashineni kusaga mahindi, na hela ya kusagia imefungwa kwenye pindo la kanga. Anafika mashineni, hela haipo. Basi, kisa kizima ni hicho. Nitamtumia humu kama mfano, lakini wewe mtafute wa kwako, tena mtafute leo kabla hujafungua somo lolote.

Kabla ya kulipia

Soma mpangilio wa masomo mpaka mwisho. Kozi ya kuchora wahusika wa hadithi lazima iishie kwenye tukio kamili: mtu, mahali, na jambo linalotokea. Ikiishia kwenye kichwa kizuri kinachotazama mbele, hiyo ni kozi ya kuchora nyuso. Si mbaya, ila siyo hii.

Kisha tazama kazi za wanafunzi waliotangulia. Majukwaa makubwa kama Domestika na Skillshare huziweka hadharani. Ukikuta zote zinafanana na za mwalimu, macho yale yale, pua ile ile, ujue hapo watu wanafundishwa kunakili mtindo. Ukikuta zinatofautiana lakini zote zimekaa vizuri, kaa hapo. Angalia pia kama mwalimu anajibu. Kozi ya bei ndogo ambayo mwalimu wake anasahihisha kazi huizidi kwa mbali ile ya bei kubwa iliyorekodiwa na kusahaulika.

Kuhusu malipo: kadi pepe ya Visa kwenye M-Pesa inatosha kwa majukwaa mengi. Ukijiunga kwa jaribio la bure, andika kwenye kalenda siku ya kujiondoa, maana muda wa jaribio ukiisha wanakata hela bila kukuuliza. Na ile saa inayohesabu kurudi nyuma karibu na neno “punguzo” isikukimbize. Punguzo hilo utalikuta tena wiki ijayo.

Kama mfuko haujakaa sawa, anza na masomo ya bure. Chaneli ya Proko kule YouTube ina masomo ya kuchora mwili wa binadamu yanayojitosheleza kwa miezi. Kiingereza kikikusumbua, washa manukuu ya kutafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri yake huchekesha wakati mwingine, lakini mkono wa mwalimu unauona, na mkono hauhitaji mkalimani. Bando nalo lina hesabu yake: video ya saa moja kwa ubora wa 480 hula karibu nusu gigabaiti. Pakua usiku kwa bando la usiku, utazame mchana.

Vifaa

Penseli ya HB, nyingine ya 2B, ufutio, kichongeo, na rimu ya karatasi za A4 za kuchapia. Nusu ya kwanza ya kozi yoyote inafanyika kwa hivyo tu. Usinunue daftari la bei mbaya lenye jalada gumu, utaogopa kulichafua.

Ukihamia kwenye dijitali, ibis Paint inafanya kazi kwenye simu ya kawaida ya Android. Krita ni ya bure kabisa, inafaa kwa kompyuta. Procreate ni ya iPad peke yake, unailipia mara moja tu. Tableti ya kuchorea isiyo na kioo, zile za Wacom, Huion au XP-Pen, itakukera wiki mbili za mwanzo kwa sababu mkono uko mezani na jicho liko kwenye skrini. Chora mistari mirefu na miduara mikubwa kila siku mpaka vizoeane. Ukitaka mchoro utakaochapishwa ukurasa mzima wa A4, anza na pikseli 2480 kwa 3508, ambayo ni nukta 300 kwa inchi. Ukianza na udogo ukataka kukuza baadaye, utapata ukungu.

Hatua ya kwanza: kisa kabla ya sura

Kozi nyingi huanza na umbo. Mimi nasema anza na sentensi tatu: anataka nini, nini kinamzuia, na amebeba nini. La tatu watu hulidharau. Kitu alichobeba mhusika ndicho mtazamaji anakisoma haraka kuliko uso. Tatu ana ndoo ya lita 10, ngata kichwani, na fundo kwenye pindo. Hapo bado sijachora macho na tayari unamjua kidogo.

Waliosoma magazeti ya katuni ya Sani watakumbuka wahusika wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Jina lenyewe lilikuwa tabia, na mchoro ukalifuata jina. Kama mhusika wako ukimwondoa jina na kitu alichobeba anabaki kuwa “msichana mzuri tu”, bado hujamaliza hatua hii.

Halafu nenda mahali penyewe. Mimi nilikaa mashineni asubuhi mbili. Niliona mambo ambayo kichwa changu kisingeyabuni: nyusi za msagaji zimekuwa nyeupe kwa unga, ndoo zimepangwa foleni badala ya watu, wenyewe wamekaa kivulini wanapiga soga. Foleni ya ndoo! Hiyo ikaja kuniokoa baadaye. Omba ruhusa kabla ya kuchora watu au kuwapiga picha. Ukisema unajifunza kuchora, wengi watacheka na kukusogezea kigoda.

Hatua ya pili: mkao

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na ndipo wengi tunaporuka. Kila siku dakika ishirini: mikao kumi ya sekunde 30, mitano ya dakika moja, na mitano ya dakika mbili. Usichore mtu. Chora mstari mmoja unaopita kutoka kichwani, mgongoni, hadi kwenye mguu uliobeba uzito, kisha vinginevyo viufuate. Mstari huo ukiwa umenyooka kama mti wa bendera, mhusika amekufa. Ukipinda, anapumua.

Mwalimu wangu alifundisha mgawanyo wa uzito kwa sanamu ya Kigiriki iliyoegemea mguu mmoja. Darasa zuri, lakini sisi tuna bora zaidi nje ya mlango. Mtazame mtu anayetembea na ndoo kichwani: shingo imesimama wima, kichwa hakichezi, kazi yote ya kusawazisha imeshuka kiunoni na kwenye magoti. Mkono mmoja ukipanda kushika ndoo, bega la upande huo linapanda, mbavu zinafunguka, nyonga inakwenda upande mwingine. Chora watu kumi wa namna hiyo na utaelewa uti wa mgongo kuliko video tano.

Kwenye daladala chora migongo na vichwa vilivyosinzia. Gari likirukaruka, mstari utakuwa mbaya. Acha uwe mbaya.

Hatua ya tatu: umbo

Sasa matufe na michemraba yana kazi. Mtu mzima kwenye mafunzo ya kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu. Mtoto wa miaka kumi yuko kwenye sita hivi. Mhusika wa katuni anaweza kuwa na vitatu au vinne, na kadiri unavyopunguza ndivyo anavyoonekana mdogo na wa kuchekesha. Amua idadi, iandike pembeni, usiibadilishe katikati ya njia. Nilimpa Tatu vichwa vinne na nusu.

Jaza karatasi moja kwa maumbo ishirini madogo, kila moja kama urefu wa kidole gumba, yote meusi tii kama kivuli ukutani, bila macho wala vifungo. Kisha uliza: ndoo inaonekana? Anaonekana mtoto? Anakwenda au amesimama? Kwenye kumi na tano kati ya ishirini zangu, ndoo ilikuwa imegandana na kichwa na ikawa kama kofia ya mpishi. Ilibidi ngata iwe nene na ndoo iinamishwe kidogo. Usingojee kugundua hilo baada ya kupaka rangi.

Hatua ya nne: nguo, nywele, na vitu vidogo

Kozi yenyewe itakufundisha mikunjo ya shati na suruali. Kanga itakuwa shauri lako. Nayo ni zawadi kwa mchoraji wa visa, kwa sababu ni vazi lenye maandishi. Ina pindo linalozunguka kote, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. (Wasomaji wa Mombasa mtasema leso, sawa.) Jina la kanga linaweza kusema kile ambacho mhusika hasemi. Tatu nilimvalisha kanga ya mama yake yenye jina “Haba na haba hujaza kibaba”. Mtoto amepoteza hela ya kusagia, amesimama na ndoo ya mahindi, na nguo yake inamhubiria kuhusu kujaza kibaba. Lakini sikuyaandika yote. Kanga ikifungwa hukunjika, kwa hiyo yanasomeka “Haba na haba” tu, mengine yamemezwa na mkunjo. Msomaji anamalizia mwenyewe.

Kiufundi: usibandike ua bapa juu ya mikunjo. Chora kwanza kitambaa kitupu, jua kinapovutwa na kinapolegea, ndipo upitishe pindo lifuate milima na mabonde hayo. Pindo likikatika ghafla kwenye mkunjo na kutokea upande wa pili limesogea kidogo, jicho litaamini.

Nywele hivyo hivyo. Twende kilioni, mabutu, na za kunyoa zina mistari tofauti ya kichwa. Kwa nywele za kusuka, chora njia za ngozi kati ya mistari, ukifuata duara la fuvu. Nywele zenyewe zitajitokeza. Viatu visisahaulike. Kandambili zenye kamba mbili za rangi tofauti zinaeleza habari ya nyumba nzima.

Hatua ya tano: hisia

Utaagizwa kuchora nyuso sita: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, kinyaa. Zichore. Kisha fanya ambalo mara nyingi haliagizwi: funika uso kwa kidole na uangalie kama hisia bado ipo. Kama imepotea, mwili haukufanya kazi. Mtoto aliyepoteza hela hafungui mdomo kama filimbi. Vidole vyake vinapapasa pindo, mabega yanapanda karibu na masikio, kidole gumba cha mguu kinachimba mchanga.

Hatua ya sita: ramani ya mhusika

Mchore kutoka mbele, robo tatu (kati ya mbele na ubavu), ubavuni na nyuma, juu ya mistari ya mlalo inayopita kwenye nyusi, kidevu, kiuno na magoti. Inachosha. Ifanye mara moja, iweke ukutani, utaitazama kila utakapomchora tena.

Hatua ya saba: tukio

Chagua dakika. Tatu akitembea kwa furaha hakuna kisa bado. Akilia mbele ya msagaji kisa kimekwisha. Nilichagua kati: mkono umegusa pindo na pindo ni jepesi. Mara nyingi dakika yenye nguvu ni ile ambayo mhusika amejua na wengine hawajajua.

Chora vijipicha kumi na viwili vya tukio hilo hilo, kila kimoja kama kisanduku cha kiberiti. Jicho liko wapi: juu kama la mtu mzima, au chini usawa wa mtoto? Tatu yuko karibu au mbali? Hapa ile foleni ya ndoo ikanirudia. Nilizipanga ndoo kuelekea mlangoni, na ya mbele kabisa ndiyo yake, naye amesimama kando yake, maana zamu yake imefika. Mstari wa ndoo unalivuta jicho mpaka mkononi mwake.

Kabla ya rangi, fanya picha iwe na toni tatu tu: giza, kati, mwanga. Mkono na pindo nimeviweka kwenye mwanga wa mlango, mashine na msagaji nimewatia kwenye giza. Kodoa, kisha finya macho: kinachobaki kuonekana ndicho msomaji atakiona kwanza. Kama ni ndoo ya jirani, rekebisha.

Hatua ya nane: rangi na jua letu

Walimu wengi wa mtandaoni wanakaa kwenye nchi ambazo mwanga huingia kwa ubavu na ngozi wanayopaka ni ya waridi. Ukifuata vipimo vyao kama dawa ya hospitali, mhusika wako atatoka na rangi ya majivu. Kosa la kawaida ni kuongeza weusi kwenye kahawia ili kupata kivuli, na weupe ili kupata mng'ao. Jaribu hivi: piga picha ya mkono wako juani saa nne asubuhi, kivulini, na chini ya taa usiku. Zifungue kwenye programu ya kuchorea na uguse sehemu mbalimbali kwa zana ya kuchukua rangi, ile yenye alama ya kidude cha kudondoshea dawa. Kwenye kivuli utakuta wekundu mzito au zambarau. Kwenye mng'ao, rangi ya anga: buluu iliyopauka. Kiganja na wayo ni rangi nyingine kabisa. Tengeneza safu ya rangi sita kutoka hapo na uziamini kuliko za kozi.

Na jua. Dar es Salaam saa sita mchana kivuli kiko miguuni, macho yamezama chini ya paji la uso, na udongo unarudisha joto la rangi chini ya kidevu. Ukichora kivuli kirefu cha kupendeza, umeshahama saa au umehama nchi. Mchoro wangu ni wa asubuhi, ndiyo sababu mwanga unaingia mlangoni kwa mshazari.

Hifadhi nakala mbili: moja yenye leya zote (matabaka ya mchoro), nyingine ya PNG ya kutuma. Niliwahi kuhifadhi JPEG peke yake, ambayo haina leya, kisha mtu akaomba kanga ibadilishwe rangi. Nilichora upya usiku kucha.

Masahihisho

Usiweke kazi na kuandika “maoni tafadhali”. Utapewa mioyo na vidole gumba. Uliza jambo moja: “Je, inaonekana kwamba amepoteza kitu, au anajikuna?” Mkiwa watatu au wanne mnaosoma kozi moja, fungueni kikundi cha WhatsApp, kila Jumapili kila mtu atume mchoro mmoja hata kama haujaisha. Anayeshindwa kutuma aeleze kwa sauti, si kwa maandishi. Aibu ya sauti inafanya kazi.

Jalada la kazi

Cheti cha kozi kiweke, lakini hakuna mchapishaji aliyewahi kuniuliza. Wanauliza kama mhusika aliye ukurasa wa 3 ni yule yule aliye ukurasa wa 19. Kwa hiyo jalada lako, yaani mkusanyo wa kazi unaowaonyesha, lionyeshe mhusika mmoja kwenye matukio manne au matano kabla ya kuonyesha wahusika kumi tofauti. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria. Chukua moja, soma masharti ya leseni yake, na uichoree upya kurasa zote. Vitabu vya picha vya watoto kwa kawaida huwa na kurasa 32, au 16 na 24 kwa vile vidogo, kwa sababu karatasi za kiwandani hukunjwa kwa mafungu. Panga kwa hesabu hiyo.

Kazi ikija, kubalianeni kwa maandishi: michoro mingapi, marekebisho mara ngapi, malipo ya awali kiasi gani, na haki za picha zinabaki kwa nani. Kenya ofisi ya hakimiliki ni KECOBO, Tanzania ni COSOTA. Jambo la haki ulizungumze kabla hujashika penseli.

Jaribio la mwisho

Kabla hujapeleka popote, mwonyeshe mtoto picha bila maneno na umuulize nini kimetokea. Usimsaidie. Mpwa wangu wa miaka saba alimtazama Tatu kwa muda, akasema, “Anaumwa tumbo.” Mkono ulikuwa umekaa kiunoni vibaya. Nikaushusha, nikafungua fundo la pindo lining'inie. Mara ya pili akasema kanga imechanika. Mara ya tatu, amechoka kusubiri foleni. Nikaongeza ncha ya kanga imegeuzwa ndani nje, na macho ya Tatu nikayatoa kwa msagaji nikayaelekeza njiani alikotoka.

Mara ya nne hakusema nini kimetokea. Aliniuliza, “Mjomba, ilikuwa shilingi ngapi?”